Fatiha ya Bwana Mkurugenzi

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na mbili Februari 2025, pale Mzee Mabruki wa Kengeja alipotoka kusali alfajiri akakuta kigingi chekundu kimepigwa chini ya mkarafuu wa marehemu mkewe. Kazija aliupanda kwa mkono wake, na tangu afe, mti ule ndio pekee uliobaki kumvumilia Mabruki akinung'unika. Sasa kampuni ya kutafuta madini ilitaka kuukata ipate pa kuweka mashine ya kuchoronga.

Na kampuni yenyewe ni yake! Yake na ya wanahisa wenziwe, waliouza hadi ng'ombe wa maziwa wakanunua hisa. Miaka inapita, dhahabu hawajaiona, mashine hawajaiona. Walichokiona ni tumbo la Mkurugenzi, Bwana Haidar, likizidi kumtangulia.

Si kwamba hawakuuliza. Ila Bwana Haidar ni mtoto wa hapahapa, anawajua watu wake. Swali likianza kuwaka mkutanoni, hunyanyua mikono: "Basi jamaa, tufunge kwa Fatiha." Nani atabaki kafumbata mikono? Wote husoma, wakajipangusa nyuso. Na jambo likishafungwa kwa Fatiha halifunguliwi tena. Wakishafika nje, sahani ya biriani mkononi, ndipo hukumbuka kuwa hawajajibiwa.

"Katuweza huyu," alisema Bi Duni, jirani yake Mabruki, mwenye hisa chache na mdomo mwingi.

"Wakubwa ndio walivyo," akajibu Mabruki. "Unampa ufunguo akulindie nyumba, akufungie nje weye."

Jumamosi mkutano ukaitishwa. Bwana Haidar akasoma taarifa: utafiti unaendelea vyema, wanahisa wawe na subira. Mabruki akasimama, akatoa kigingi chini ya kanzu, akakibwaga mezani.

"Bwana Mkurugenzi, hiki..."

"Tufunge kwa Fatiha!"

Wakasoma. Kabla mtu hajafika "amin", Mabruki akapaza sauti: "Na kwa kuwa marehemu Kazija alikuwa mwanahisa mwenzetu, tumsomee na Yasini."

"Yaasiin!" akadakia Bi Duni, kama aliyekuwa akisubiri zamu.

Watu wakakaa. Bwana Haidar, ufunguo wa gari mkononi, naye akakaa. Nani anyanyuke maiti akisomewa? Yasini ikaisha, Mabruki akaunga tahlili, "la ilaha illa Llah" ya kurudiwa na kurudiwa. Biriani likapoa. Dereva akapiga honi nje mpaka akachoka. Jasho likamtiririka Mkurugenzi hadi kwenye tai.

"Mzee wangu," akanong'ona, "sasa tufunge."

"Dua ya maiti hufungwa na mwenye maiti, na mwenye maiti ni mie. Sifungi mpaka nijibiwe. Mashine iko wapi?"

"Mashine... iko njiani."

"Mwaka juzi ilikuwa njiani," akasema Bi Duni. "Yakhe, inakuja kwa kutambaa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mikono ya Bwana Haidar ikaanza kupanda yenyewe.

"Shusha mikono, mwanangu," akasema Bi Duni.

Ikashuka. Siku ile Mkurugenzi aliondoka kwa mlango wa nyuma, na hajarudi. Mkarafuu umesimama, dua haijafungwa, na Mabruki kila amwonaye barabarani humuuliza lilelile: kama mashine haipo, mti wa Kazija walitaka kuukatia nini?