Uwanja Ulioomba Uhamisho

Jana usiku niliota uwanja wa shule yetu umekuja ofisini kuomba uhamisho.

Ulikuwa umejikunja kama mkeka, barua kwapani, kwenye foleni nyuma ya mwalimu wa sayansi. Mwalimu Mkuu, Bi. Ndelilio, akaisoma barua, akavua miwani.

"Sababu?"

"Upweke," uwanja ukasema. "Tangu mwaka juzi sijakanyagwa. Nimepata wa kubadilishana naye, eneo la kuegesha magari mjini."

Bi. Ndelilio akanigeukia. "Mwalimu Mkunde, hilo ni lako."

Kweli lilikuwa langu. Wakaguzi walipokaribia kuja tulipanda nyasi, na mimi, kwa mkono wangu, nikaandika kibao: MARUFUKU KUKANYAGA NYASI. Wakaguzi wakaondoka. Kibao kikabaki.

Natoka nje. Uwanja umeshanitangulia, umejitandika. Ni saa ya chakula cha mchana, na wanafunzi mia tatu wanaelea hewani, shubiri moja juu ya nyasi, wanakula makande kimya.

"Shukeni mcheze!"

"Kibao kimekataza, Mwalimu," anajibu Siwema wa darasa la nne, bila kuacha kutafuna. "Na sisi tuna adabu."

Nakishika kibao nikivute.

"Taratibu, dada," kinasema. "Mwandiko ni wako. Mimi natekeleza tu."

Kinachomoka kama jino. Watoto mia tatu wanadondoka kwa mpigo, makande yanaruka. Wanasimama, wananitazama.

"Tucheze na nini sasa?"

Matairi chakavu yanatoka mbio nyuma ya jiko, yanajichimbia ardhini nusu nusu, mstari mmoja. "Turukeni!" yanapiga kelele. "Miaka yote tunangoja kuitwa!" Kamba ya kisima inafika ikijizungusha yenyewe. Watoto wanaruka, wanapiga mayowe, vumbi linapanda.

"Watoto sawa," unasema uwanja. "Lakini aliyenifungia ni mtu mzima. Acheze rede. Akijaza chupa mchanga kabla hajapigwa mpira, nabaki. Akipigwa, naondoka na nyasi zangu."

Nafunga sketi kiunoni, naingia kati. Upande huu Siwema, upande ule Bi. Ndelilio, ameshavua viatu. Mpira wa soksi unapita sikioni. "Za mchana, Mwalimu," unanisalimu, unaendelea na safari.

"Mwalimu mzito kama gunia la mbaazi!" wanashangilia.

Nachota, naruka, nachota, nalala kifudifudi, nainuka. Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu niajiriwe. Mchanga unafika shingoni mwa chupa. Namimina kiganja cha mwisho, na hapo hapo mpira unavuma nyuma yangu.

"Kapigwa!" Siwema anaruka juu.

"Sijapigwa! Umepita!"

"Mgongoni, Mwalimu! Tumesikia kabisa!"

"Mmesikia upepo!"

Hata matairi yanainama kusikiliza.

"Apa," unasema uwanja.

"Haki ya Mungu."

Uwanja unanitazama kwa nyasi zake zote, muda mrefu. Kisha unachana barua.

Nikaamka nacheka peke yangu. Nikavua gauni la kulalia ili nikaoge. Mgongoni mwa gauni, katikati kabisa, palikuwa na duara la vumbi jekundu, ukubwa wa mpira wa soksi.

Nikalifua kabla ya chai. Nikalianika ndani.