Mama wa Ubatizo wa Chemchemi

Wanafunzi wa chuo kikuu walilala kwangu, na nilifurahi, maana nyumba isiyo na kelele huniumiza kichwa. Walikuja na profesa wao, Villacrés, kutuvutia maji kutoka chemchemi ya Yanapugyo hadi majumbani. Tulichimba nao mtaro kwa msaragambo, kijiji kizima, wakala simbilisi wa kuchoma, wale tunaowafuga jikoni kama sungura, wakachekana kwa malengelenge ya mikono.

Kazi ilipoisha tukatafuta mama wa ubatizo. Kwetu hata paa jipya lina wazazi wa ubatizo, sembuse maji. Tukamchagua Doménica, mcheshi kuliko wanafunzi wenzake wote. Padri akainyunyizia chemchemi maji ya baraka, nami nikamwambia, "Haya mama, mpe mwanao jina."

Alipaswa kutaja mtakatifu, si mtu aliye hai. Yeye akageukia simu apigwe picha, akacheka. "Aitwe kama mimi! Doménica!"

Wanawake wakaacha kupiga makofi.

Jioni bomba la jikoni kwangu likaanza kudondosha matone. Do. Me. Ni. Ka. La jirani yangu Zoila likafuatia.

"Ni hewa tu imeingia, mama Targelia," profesa akasema.

"Hewa gani hiyo, profesa, inayojua jina la mtu?"

Asubuhi nilimkuta Doménica anashuka kutoka chemchemini, pekupeku, nywele zinachuruzika.

"Unatoka wapi, binti?"

"Kwani nilitoka?"

Kila mabomba yalipomwita, miguu yake ilikwenda. Siku iliyofuata nilimkuta maji yamemfika kifuani, amekunja mikono, anatabasamu kama anayenyonyesha. Nikamvuta kwa nguvu. Sasa profesa naye akaogopa, akaita basi, waondoke mapema.

Basi lilipowasha injini, mabomba ya kijiji kizima yakakauka kwa mpigo mmoja. Wanawake wakatoka na ndoo tupu, wakasimama mbele ya basi. Hakuna aliyefoka. Afadhali wangefoka.

"Binti," Zoila akasema kwa upole, "mama haondoki bila kumuaga mwanawe. Panda tu chemchemini mara moja, ukamuage."

Doménica alikuwa ameshasimama. Profesa alimng'ang'ania mkono, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye vidole vya binti.

Nilijua akipanda hashuki tena. "Mshike hivyohivyo," nikamwambia profesa, nikapanda chemchemini mwenyewe.

Chemchemi ilikuwa nyeusi, imetulia kama inasikiliza. Nikatumbukiza mkono. "Mwanangu, yule alikuwa anatania. Jina lako Targelia."

Maji yakanibana kidole, kama kichanga anavyobana.

Nilipofika chini ndoo zilikuwa zinafurika. Basi likaondoka, binti amelala usingizi begani kwa mwenzake. Profesa hakunitazama usoni.

Majirani wakajaa kwangu, na Zoila akaleta umbea wa mke wa padri. Usiniulize padri ana mke wa nini, ndiyo maana ni umbea. Tulikuwa tunavunjika mbavu bomba liliposema.

Tar. Ge. Lia.

Wote wakageukia bomba. Mimi nikacheka peke yangu. Kisha nikajiona navua viatu.

Zoila akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo. "Kaa chini, mwenzangu. Umbea haujaisha."

"Nipishe, Zoila," nikasema. "Husikii? Ananililia."