Mpaka wa Gasper

Ernesta alikuwa uani akipepeta maharage, saa kumi na mbili na nusu jioni, pale mpangaji wake alipomwomba aweke ungo chini aje achungulie Mwezi wa siku saba. Mpangaji huyo, Mwalimu Badru, alikuwa mtu wa Pangani, aliyeletwa huku juu karibu na Busunzu kufundisha fizikia. Darubini yake aliiunda mwenyewe kwa bomba la maji na kioo alichokisugua likizo mbili nzima. Alichokitafuta ni mifereji hafifu ya Mwezini, ile inayojitokeza kidogo tu pale mwanga unapopakana na giza. Na utaratibu wa wachunguliaji wa Mwezi ni mmoja: mfereji mpya haukubaliki mpaka watu wawili wauchore bila kuoneshana.

"Chora unachokiona, mama," alisema. "Usiongeze wala usipunguze."

Ernesta akachora. Karatasi zao mbili zilifanana: mstari mmoja mrefu, kona moja katikati, na kichuguu kwenye kona.

"Huu ni mpaka wetu na Kipriani," Ernesta akasema. "Ila umepinduka."

"Darubini ndiyo inayopindua. Juu inakuwa chini, kushoto kunakuwa kulia. Ukiigeuza karatasi, mambo yanakaa sawa."

Akaigeuza. Mambo yakakaa sawa. Gasper, marehemu mumewe, alikufa mwezi wa tatu, na jembe lake lilitoweka siku ile ile ya kuanua matanga. Ernesta hakuhangaika kulitafuta, maana mume wake anamjua, kukaa bure hawezi. Sasa akajua liko wapi: huko juu Mwezini, na mwenyewe analo. Alifurahi, tusifichane, alifurahi mpaka mbuzi akala nusu ungo wa maharage yeye yuko kwenye darubini.

Maana mpaka huo ndio uliokuwa unamnyima usingizi. Zamani kona yake ilitokeza upande wa jirani, Kipriani, na ndani ya kona hiyo kuna migomba kumi na miwili na kaburi la Gasper. Matanga hayajapoa, Kipriani akang'oa minyaa ya mpakani, akaipanda upya, kona ikatokeza upande wa Ernesta. Kaburi likabaki kwa Kipriani. Alipoulizwa alisema ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu yake. Hana haya yule!

Baraza la ardhi la kijiji likaitwa. Wajumbe saba walikuja uani na viti vyao, wakachungulia mmoja mmoja, na hakuna aliyebisha. Mjumbe mmoja alisema tu kwamba Gasper angali analima vizuri. Mwenyekiti, mzee Longinus, akachora mpaka kama alivyouona, wenzake wakatia sahihi, naye akagonga mhuri pale chini. Hukumu ikasomwa: kona inatokeza kwa Ernesta, kama Kipriani alivyosema.

"Mzee wangu, igeuze hiyo karatasi," Badru akasema. "Darubini inapindua."

Longinus akaigeuza, akaitazama kwa haki kabisa, akairudisha ilivyokuwa.

"Mwalimu, nikiiweka hivi mhuri unasimama kichwa chini. Karatasi ya namna hiyo nitaipeleka wapi?"

"Lakini kweli iko hivyo!"

"Sisi tumeandika tulichokiona kwa macho yetu. Wewe mwenyewe umesema tusiongeze wala tusipunguze."

Badru aliona aibu hata chai hakuimaliza. Ernesta hakumlaumu. Usiku ule alisimama uani akamwambia Gasper hukumu ilivyokwenda, neno kwa neno, kwa Kiha, kama alivyokuwa akimwambia habari za sokoni.

Mwezi mwandamo uliofuata, ulipofikisha tena siku saba, Badru alichungulia, akamwita. Mfereji ulikuwa umefukiwa na kuchimbwa upya. Kona imegeuzwa, kichuguu kimezungukwa kwa upande wa pili, ili kwenye darubini uonekane kama mpaka ulivyokuwa zamani shambani. Kazi ya wiki nne, ya mtu peke yake.

"Maskini mume wangu," Ernesta akasema. "Na goti lake lile."

Wajumbe wakaja tena na viti vyao. Wakachungulia. Wote saba waliona kona imekaa upande wa Kipriani, bila haja ya kugeuza chochote. Kipriani naye akachungulia, akakubali kwamba ndivyo. Longinus akafikiri kwa muda mrefu, maana hakuwa mtu wa pupa, kisha akaandika hati ya wito: marehemu Gasper afike barazani Jumatano saa tatu asubuhi bila kukosa, kujibu kosa la kuhamisha mpaka uliokwisha kutolewa hukumu.

"Mpelekee wewe, mama," akasema. "Wewe ndiye mkewe."

Jumatano alfajiri Ernesta akaichukua hati, akaenda hadi kwenye minyaa, akasimama.

"Hodi."

"Karibu," Kipriani akaitikia. Alikuwa anapalilia. "Pita pembeni tu, mama, usinikanyagie maharage."

Ernesta akapita pembeni. Kaburini akasoma hati yote, pamoja na tarehe na jina la mwenyekiti, akaikunja, akaiwekea jiwe.

"Usiende," akamwambia mumewe. "Pumzika."

Akalia kidogo. Kisha akamshukuru Kipriani kwa kumruhusu, akatoka kwa njia ile ile aliyoingilia.