Jiwe la Pikapu

Polisi wanasema mume wangu, Filemon, alitoa silaha. Silaha gani? Jiwe! Huku Old Moshi kila mwenye pikapu kuukuu hubeba jiwe la kuzuia tairi, maana handibreki zetu ni jina tu na barabara yote ni mteremko.

Asubuhi ile tulikuwa tunapeleka ndizi sokoni Kiboriloni. Askari wawili wakatusimamisha katikati ya mteremko. Filemon akawaomba, "Afande, nisogee pale chini, pako tambarare."

Mmoja akamfokea, "Shuka sasa hivi!"

Mimi nikapeleka mguu upande wake wa dereva nikakanyaga breki, kama kawaida yetu, ili ashuke kuweka jiwe. Filemon akashuka, akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa jiwe. Yule askari hakuuliza chochote. Alimpiga risasi kifuani.

Niliachia breki nikamrukia mume wangu. Pikapu ikaanza kuteremka yenyewe, ikielekea gari lao jipya walilolipaki chini yetu. Ndipo muuaji yule yule, bunduki bado mkononi, akanipigia kelele:

"Mama, jiwe! Chukua hilo jiwe, weka kwenye tairi!"