Inazimika Kila Saa Nne

Mimi ni fundi wa mashine za fotokopi, na wanaonijua watakwambia nina hasira za karibu. Lakini mashine ya fotokopi hata nikiitukana, nikiifungua inanieleza shida yake. Karatasi imekwama hapa, mpira umelika pale, wino umemwagika kule. Kile kidude cha kompyuta kilichonikosesha raha wiki tatu hakikunieleza kitu, na kila kilipofungua mdomo kilinivuruga zaidi.

Nianze na Baba. Baba alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni kwa miaka ishirini na tisa. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa koo. Uvimbe ukatoka, na sauti ikaondoka nao. Madaktari hawakutuficha, walisema hairudi tena. Tangu hapo anaandika kwenye daftari la shule lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi: maji, funga mlango, asante. Mama alishafariki, dada yangu ameolewa, kwa hiyo nyumbani tuko wawili. Ukimya ulinishinda mpaka nikawa nawasha redio hata wakati wa taarifa ya bei za mahindi, ili tu kuwe na mtu anayeongea. Nilitaka kumsikia Baba tena. Nilitaka hilo tu, na nililitaka kwa udi na uvumba.

Stesheni walikuwa bado wanazo kanda zake, boksi zima. Shemeji, yaani mume wa dada, ambaye kazi yake ni kompyuta, aliniambia siku hizi inawezekana. Programu inasikiliza rekodi za mtu mpaka inajifunza sauti yake, halafu ukiandika neno lolote inalitamka kama yeye. Mwezi mzima nilishinda na spika za masikioni, nyumbani na barabarani, nikichambua kanda zile na kukata honi na vilio vya watoto. Shemeji akaifundisha programu kwenye mashine yake kubwa. Mimi nikabaki na kazi ya kuihamishia kwenye kompyuta ndogo ambayo Baba angeweza kutembea nayo, ubao mtupu wenye upana wa kiganja, pamoja na spika, kibodi na kioo kidogo. Nilimwonyesha Baba. Aliandika "Vizuri", akarudi kwenye gazeti lake.

"Kazi ya mchana mmoja hiyo, shemeji," shemeji alisema. Mungu amsamehe.

Programu ile haiendi bila maktaba yake ya sauti. Si maktaba ya vitabu, kama dada alivyodhani, ni mafaili ya kazi zilizokwishaandikwa ambayo programu inayategemea. Nilikuwa nayo kwenye laptopu, nikaibeba kwa flashi, nikaipachika. Ikakataa. Nikampigia shemeji.

"Imesema nini?"

"Imesema faili ni la mashine ya aina nyingine."

"Ah, ndiyo. Ubongo wa laptopu na wa hicho kidude ni vitu viwili tofauti. Itabidi uijenge upya humo humo ndani."

"Nijenge? Kwani mimi fundi uashi?"

"Utaiamuru tu, itajijenga yenyewe. Wewe unakunywa chai."

Chai nilikunywa mpaka tumbo likajaa. Siku ya kwanza ilisimama baada ya dakika mbili, ikidai kuna faili haipo. Nikaitafuta faili, nikaileta. Ikadai nyingine. Nikaleta na hiyo. Siku ya nne ikaenda nusu saa nzima, halafu ikaandika neno moja tu la Kiingereza, kwamba kazi imeuawa.

"Imeuawa na nani?" nilimuuliza shemeji. "Nipo hapa peke yangu na Baba."

Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe memori ni ndogo, na ikijaa, kompyuta inaua kazi iliyo nzito kuliko zote ili yenyewe ipumue. Akanielekeza niiambie ifanye kipande kimoja kimoja. Itakwenda kobe kobe, alisema, lakini itafika. Tukakadiria saa nane. Usiku haikuwezekana, maana Baba tangu upasuaji analala sebuleni na feni ya kile kidude inalia kama nyuki kwenye kopo. Basi nikawa naiwasha saa moja asubuhi, naiwekea saa kama shemeji alivyonielekeza, naenda kazini, narudi saa saba kula na kuiangalia.

Hapo ndipo akili iliponiruka hasa.

Jumatatu saa saba nimerudi, kioo kiko wazi, kinaniomba nywila, kana kwamba tumekutana leo. Hakuna kosa lililoandikwa. Kazi ilifika katikati ikakoma. Nikaleta faili fulani kutoka kwenye laptopu, nikaanza upya, na kidude kikanipa onyo kwamba faili hiyo imetengenezwa wakati ambao haujafika. Nikasoma mara tatu. Nimeitengeneza sasa hivi, kwa mkono wangu, na kinaniambia nimeitengeneza baadaye! Na kwa kuwa saa zilikuwa zimevurugika, kikaanza kujenga kila kitu tangu mwanzo.

Jumanne vile vile. Nikanunua chaja mpya. Jumatano vile vile. Nikanunua waya mpya, nikaweka mtego wa panya nyuma ya kabati, nikamgombeza mteja ambaye hakuwa na kosa lolote. Baba alikuwa anakula pole pole, ananitazama, ananisogezea sahani.

"Nipe saa inayoonekana kwenye hicho kidude," shemeji alisema kwenye simu.

"Saa sita na dakika ishirini."

"Na saa ya kweli?"

"Saa saba na dakika tano. Kwa nini?"

"Hicho hakina betri ya saa, shemeji. Kikikosa umeme kinasahau. Kikirudi, kinaanzia saa kiliyoihifadhi mara ya mwisho, nacho huihifadhi mara moja tu kwa saa. Mtandao ungeirekebisha saa, lakini wewe hukukiunganisha. Umeme wenu unakatika."

"Haujakatika wiki nzima! Saa ya jiko ingekuwa inawakawaka sufuri."

"Basi umekatika kwa hicho kidude tu."

Nikabaki na simu sikioni wakati yeye ameshakata. Kila mstari kidude kilioandika ulikuwa na saa yake, nikaangalia wa mwisho wa siku ile: saa nne na dakika kumi. Wa Jumanne: saa nne na dakika nane. Wa Jumatatu: saa nne kasoro kidogo. Umeme gani huu unaokatika kwenye tundu moja la ukutani, kila siku saa nne, kama mwanafunzi anayewahi mapumziko? Nilikagua tundu lile kwa bisibisi mpaka nikaling'oa ukutani. Lilikuwa zima.

Alhamisi ofisi nilikotarajiwa ilikuwa imefungwa, nikageuza njia. Nilifika nyumbani saa nne na dakika tano. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo. Baba alikuwa amepiga magoti kando ya kabati, ameshika waya. Aliuchomoa taratibu, akatulia akiangalia saa yake ya mkononi, halafu akaurudisha vile vile, akaukunja ulivyokuwa umekunjwa, hata utepe niliokuwa nimeufungia akaurudisha.

"Baba?"

Alishtuka, akachukua daftari. "Nilikuwa nafagia," akaandika. Ufagio haukuwepo.

Nilitamani kupiga kelele, na nilitamani kucheka, na sikujua nianze na lipi. Mtu aliyepoteza sauti anazima kitu kitakachomrudishia sauti! Anaogopa moto? Amechoka kuishi? Nilimuuliza yote hayo, tena kwa ukali ambao naujutia. Aliangalia mikono yake.

Jumamosi sikwenda popote. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya lile tundu la umeme kama askari wa benki. Baba alikuwa kwenye kochi lake upande wa pili, gazeti mkononi, ukurasa ule ule. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Saa tisa na robo mistari ikakoma, na safari hii mwishoni iliandikwa kwamba kazi imekamilika. Nilipachika maktaba, nikaiita programu, ikaitika bila kunung'unika.

"Njoo, Baba. Njoo usikie."

Alikuja shingo upande, akakaa ukingoni mwa kiti. Nikaandika neno la kwanza lililonijia. Kiroboto. Ndivyo Baba alivyoniita tangu utotoni, kwa sababu sikutulia mahali.

Spika ikakwaruza, kisha sauti yake ikajaa sebuleni. "Kiroboto." Ilikuwa nzito na safi, kila silabi mahali pake, kana kwamba Kiroboto ni treni inayoingia jukwaa la pili.

Nililia, wala sioni aibu kusema. Baba hakulia. Alivuta daftari akaandika kwa muda mrefu, kuliko alivyowahi kuandika tangu atoke hospitali, kisha akaligeuza upande wangu.

"Hii ni sauti ya kazini. Niliivaa kama sare, nikifika nyumbani naivua. Sijawahi kukuita hivi hata siku moja. Ile ya nyumbani hakuna aliyeirekodi. Imebaki masikioni mwako na mwa dada yako, basi. Ukisikia hii kila siku, ile itafutika. Ndiyo maana nilikuwa nachomoa."

"Sasa mbona hukuniambia, Baba?"

"Ulikuwa na furaha. Na hukuniuliza ninataka nini."

Alichukua tena kalamu, akaandika maneno mawili. "Bado unaikumbuka?"

Nilifumba macho. Nilimtafuta mlangoni mwa chumba changu asubuhi za shule, akiniamsha. Nilimtafuta mezani, akinigombeza kwa kuifungua redio yake vipande vipande nikashindwa kuirudishia. Niliona masharubu yakicheza, niliona jino lililovunjika pembe, na maneno yenyewe niliyakumbuka yote, moja baada ya jingine. Lakini kila alipofungua mdomo, ilitoka ile ya stesheni. Nikajaribu tena. Nikamwendea mpaka kando ya kitanda cha Mama, usiku wa mwisho wa Mama, Baba aliponong'ona. Hata mnong'ono ulikuwa wa stesheni.

Nilipofumbua macho, Baba alikuwa amenikazia macho, kalamu bado mkononi, anasubiri.

"Naikumbuka, Baba," nilimwambia. "Vizuri kabisa."

Akatabasamu, akanipapasa mkono, akafunga daftari.