Injini ya Rangi ya Ufizi

...tulia, mkono wangu, usitikisike, shikilia hivyohivyo, kidole gumba chini ya chasisi ya kigari hiki cha mezani, cha shahada juu ya tangi la maji la injini yake, mpaka ile poda na maji yake vigande viwe kitu kimoja, kazi yenyewe ni kubana na kungoja tu, kazini nabana meno ya bandia hivi kutwa nzima wala sioni taabu, ila leo mikono imechoka kuanzia mabegani, na uchovu wenyewe si wa leo, na huko sebuleni shemeji anauliza kama kiti cha magurudumu kitaingia kwenye buti, na dada mkubwa anamjibu kitaingia, kikikunjwa kitaingia, kila kitu kimeshafikiriwa, kwake chumba cha chini kisicho na ngazi kipo, mtu wa kumwogesha kaka yupo, gari liko nje limegeuzwa tayari, kilichobaki ni neno langu mimi, kitinda mimba, niseme mchukueni au niseme mwacheni, nami nimewaambia ngojeni nimalizie kitu kimoja nakuja, hii dawa ikishakorogwa haimngoji mtu, na ni kweli haimngoji, lakini nani aliniambia niikoroge wageni wakiwa wameshakaa... na kaka mwenyewe huyu hapa nyuma yangu, kwenye kiti chake karibu na dirisha, amelala, kidevu kifuani, kitambaa cha mate begani, namsikia anavyopumua, pumzi inaingia kwa taabu na kutoka kama imekumbuka jambo, kaka yangu, aliyekuwa hanyamazi hata akila, Pistoni walimwita pale kwenye mashine ya kusaga, juu chini juu chini siku nzima, kutia mahindi, kufunga mkanda, kumtania huyu, kumgombeza yule, mweupe wa unga mpaka kope, na kwa kuwa alizoea kushindana na kelele za injini hata nyumbani aliongea kwa kupayuka, nipe chumvi, utadhani nyumba inaungua, na leo katika maneno yote yale amebaki na moja, haya, kiharusi kilipita kikafagia yote kikamwachia hilo, unataka chai, haya, chai ni ya moto mno, haya, nikufungie dirisha, haya, nikufungulie, haya, na tangu dada afike amemuuliza utakwenda kukaa kwangu kaka yangu, akasema haya, nami nikamuuliza au utabaki hapa na mimi, akasema haya, kwa hiyo dada kaichukua haya yake na mimi nimebaki na yangu, na kati ya hizo mbili hakuna anayejua ipi ni ya kweli... bana, bana vizuri, ikipinda hapa itapinda daima, hii si kama gundi ya dukani unayoweza kubandua, hii ni ile tunayotengenezea fizi, ikishika ni ya kukatwa kwa mashine, na ndiyo maana injini ina rangi ya waridi, shemeji alipoiona tu akasema mdogo wangu hii injini au mdomo wa bibi, na nikacheka, nimecheka leo, sikumbuki mara ya mwisho, na ni kweli ni mdomo, kichwa cha silinda ni gego, la juu, nililipata kwenye boksi la meno ya bandia yaliyokosewa rangi, nikaligeuza juu chini likakaa kana kwamba lilizaliwa hapo, na bomba la moshi ni waya wa kunyooshea meno ya watoto, na gurudumu zito la pembeni ya injini, lile la kusukuma mzunguko, nimelimimina kwa madini yale ya kushikizia meno ya pengo, kwa sababu alisema daima gurudumu lazima liwe zito, likiwa jepesi injini inakohoa... hotirodi, alilitamka hivyo, alikuwa ameliona kwenye jarida kuukuu lililofungiwa misumari, gari la zamani lililokatwa paa, likavuliwa boneti, likashushwa mpaka karibu lilambe barabara, matairi ya nyuma mapana, ya mbele membamba, injini nje nje bila haya, na wenzake wote waliolitazama waliona mbio, yeye akaona nafasi ya kutia injini ya kusagia, silinda moja, ya kulala, ya kuzungusha kwa hendeli, yenye tangi la maji linalochemka juu kama sufuria, na akatueleza mezani kwa makelele yake jinsi atakavyoifunga, mkanda utapita wapi, yeye atakaa wapi, tukacheka mpaka shemeji akapaliwa, akamwambia gari hilo litapitwa na mtu mwenye magongo, na kaka wala hakukasirika, akasema, "Shem, wenye haraka wapite. Mimi nitasikika," na akaenda kweli akaitafuta injini iliyokufa, akaifunika turubai nyuma ya mashine, akawa kila Jumapili anaifunua na kuipangusa, na bodi la gari hakulipata, leo kesho, leo kesho, mpaka asubuhi ile walipomkuta sakafuni katikati ya unga, mkono umekunjika chini yake, na mkanda bado unazunguka bure... "mdogo wangu huyo ataumwa na yeye," hiyo ni sauti ya dada, anamwambia mumewe, anasema amekonda, humwoni alivyokonda, atatuangukia, na dada si mtu mbaya, jamani, asiniambie mtu kwamba dada ni mtu mbaya, alipoingia tu hata mkoba hajautua alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama, na machozi yakanilenga kwa sababu hakuna aliyenishika uso siku nyingi, mimi ndiye ninayeshika nyuso za wengine, namwinua, namgeuza, namlisha, namfuta, naenda kazini, narudi namgeuza, juzi nilisinzia juu ya seti ya meno ya mteja nikaamka yananikenulia, na nimechoka, wacha niseme humu kichwani ambamo hakuna anayenisikia, nimechoka na nataka wamchukue, nataka nilale kitanda changu bila kutega sikio, nataka niamke nikiwa na nafsi yangu tu ya kuvisha, na gari hili nalo, nililianza ili apate kitu cha kutazama, nikamkalisha hapo dirishani nikamwambia kaka, ile hotirodi yako, tunaijenga, akasema haya, na baadaye nikaendelea nalo ili mimi nipate kitu cha kutazama ambacho si yeye... sasa mbona halizunguki, hili gurudumu la injini, nimeligusa kwa kidole kidogo tu nijaribu, linakwama, linagusa kitu, linakwaruza fimbo ya usukani, ebu... siwezi kuiachia, dawa haijashika, niinamishe kichwa nitazame kwa chini, ndiyo, linasaga usukani kabisa, gari hili dereva akikata kona tu atalisimamisha gurudumu na injini izime, lakini haiwezekani, nimefuata maneno yake, gurudumu kulia, alisema kila mara gurudumu liko kulia na usukani unabaki huru, na kulia ndiko nilikoliweka, kulia kwa... oh, kulia kwa nani, mama yangu, kulia kwa nani, kazini kwetu kulia si kulia kwangu, ni kulia kwa mwenye mdomo, mtu ananikabili, jino lake la kulia liko kwenye mkono wangu wa kushoto, miaka yote nimeishi hivyo mpaka sifikirii, na injini nimeitazama kama mgonjwa aliyefungua mdomo mbele yangu, nikaipa kulia kwake yenyewe, wakati kaka alikuwa akisema kulia kwa mtu aliyesimama mbele ya mashine ameshika hendeli, kulia kwake yeye, kwa siku zote... na asubuhi, Mungu wangu, asubuhi ile ya leo, nilipompelekea injini aione kabla sijabandika gurudumu, nimelishikiza tu kwa nta, nikamwambia tazama kaka, akasema haya, akanyoosha ule mkono wake mzima, wa kushoto, akalichomoa gurudumu akalifumbata, nikasema lete, akasema haya na hakulitoa, nikasema lete kaka usicheze, haya, na akawa anagonga ngumi upande wa pili wa injini, anagonga, anagonga, nikadhani anataka kuivunja, nikamfumbua vidole kimoja kimoja, yeye mtu mzima, kaka yangu mkubwa, nikamwambia mbona unakuwa mtoto, nikalichukua nikalibandika kwenye mhimili wake, moja kwa moja kule kule nilikotaka mimi, na yeye akageuka akatazama ukuta mpaka saa ya chakula, nami nikasema moyoni ndiyo hali yake, leo kaamka vibaya... hakuwa amekuwa mtoto, alikuwa ananirekebisha, alikuwa fundi ananionyesha pa kuliweka, gurudumu hapa mdogo wangu, si huko, hapa, mdomo unasema haya na mkono unasema hapana, hapana, hapana, na mimi nikatazama mdomo, mimi mtu wa midomo, ningetazama nini kingine, sote tumeuuliza mdomo, daktari, dada, majirani, tukalichukua lile neno lake moja tukaligawana, na mkono uko pale siku zote juu ya paja, mzima, una akili zake zote, hakuna aliyeuliza... kwa hiyo yumo, yumo ndani kaka, si kipande chake, ni yeye mwenyewe na hesabu zake za mkanda na gurudumu, na kama yumo basi anasikia, amesikia kila kitu, kiti cha magurudumu kukunjwa kwenye buti, mtu wa kumwogesha, mimi kukonda, kila siku nikimsemea juu ya kichwa chake kwa simu, amelala, hajambo, yuleyule tu, na mimi, wacha niseme na hili, nilipenda iwe hasikii, ilinipa nafuu, ukiamini mtu hasikii unaweza kumkabidhi kwa mwingine kama kabati na ukalala usingizi... sasa pumzi, mbona siisikii ile pumzi yake, imekuwa nyepesi, si ya mtu aliyelala, tangu lini, nigeuke kidogo, shingo tu, mikono ibaki hapahapa, ndiyo, kidevu kimeinuka, macho yako wazi, hatazami dirisha, hanitazami mimi, anatazama mikono yangu, injini, gurudumu lililo upande usio wake, na mdomo umepinda kwa kule kupinda kwake lakini macho, macho ni ya yule aliyekuwa akimsubiri mtu wa kujifunza aone kosa lake mwenyewe, anajua kwamba nimeona, na sebuleni dada anaita, kwa upole, anasema, "Mdogo wangu, unasemaje? Tusije tukakutwa na giza njiani," na kaka kabla yangu anajibu, haya, na dada anasikia huko, anasema unaona, mwenyewe anasema haya, na shemeji anasogeza kiti, na mimi bado nimebana, dawa imeanza kupata moto chini ya kidole, ndivyo inavyofanya ikikaribia kushika, ningeivuta sasa hivi ingetoka nzima, nimeze tu mate nivute, na sivuti, sivuti kwa sababu nikiiachia nitabaki na mikono mitupu na itabidi niinuke, nimwendee, niuchukue mkono ule niuweke ndani ya wangu, nimwambie kaka, dada anataka kukuchukua leo, ukitaka kwenda uache mkono hivihivi, ukitaka kubaki na mimi nibane, na baada ya hapo hakutakuwa na kulaumu haya, hakutakuwa na kusema hatukujua, nitakuwa nimeuliza na nitakuwa nimejibiwa, na huko sebuleni dada anaita tena jina langu la utotoni, na mimi nimechoka, nimechoka mpaka kwenye mifupa ya vidole, na nitainuka, najua nitainuka, na nitamwuliza, na najua kabisa atabana.