Ngano Bila Komamanga

Siku ya arobaini ya bintiye Lenio, Evanthia alichemsha ngano ya kumwombea marehemu, kama wafanyavyo Wagiriki, akaipeleka kaburini bila punje za komamanga zinazowekwa juu kidesturi. Stamata, dada wa mumewe, akazinyunyiza juu.

"Wifi, unataka watu waseme tumeshindwa hata kununua komamanga?"

"Umesahau hadithi ya hapa kwetu Elefsina? Binti wa mungu wa nafaka alikula komamanga kuzimu, akazuiwa huko."

"Lakini mamake hurudishiwa bintiye kila mwaka."

"Mamake aligoma, dunia nzima ikalala njaa. Mimi nikigoma, ni ngazi za matajiri tu zitakosa kufagiwa."

Evanthia akalipakata sinia la ngano, akaanza kuzitoa punje moja moja. Padri alimaliza sala akaondoka. Evanthia alikuwa bado anazitoa.